Anakula, lakini anafanya kazi: kisa cha mbunge wa Harlem

Ipo kauli ambayo kila uchaguzi unapokaribia husikika kuanzia kituo cha basi hadi kijiwe cha kahawa: "Anakula, lakini anafanya kazi." Anayetajwa ni mbunge, au diwani, au waziri, na msemaji huisema kwa utulivu kana kwamba amekwisha piga hesabu na kupata jibu. Pembeni huwapo mwingine wa kumjibu kwamba mwizi ni mwizi, hata akijenga shule mia. Mabishano huishia hapo, kahawa ikapoa, watu wakatawanyika. Ndugu msikilizaji, mimi naona wote wawili wameruka hatua. Hakuna kati yao aliyeuliza mtu huyo alipiga kura gani bungeni, wala tuhuma zake zimethibitishwa na nani, wala ni nani mwenye haki ya kuishika mizani.

Kwa mazungumzo ya wiki hii nimechagua kisa cha mbali, maana kisa cha jirani huleta ugomvi kabla hakijaleta fikra. Ni kisa cha Adam Clayton Powell, Mmarekani mweusi, mchungaji wa kanisa na mbunge wa Harlem katika jiji la New York.

Powell alizaliwa mwaka 1908, na mwaka 1937 akarithi mimbari ya baba yake katika kanisa la Abyssinian Baptist, moja ya makanisa makubwa ya watu weusi nchini Marekani. Alipata jina kwa kuongoza kampeni za kususia maduka yaliyopokea fedha za watu weusi lakini yakakataa kuwaajiri. Mwaka 1941 akachaguliwa kuingia Halmashauri ya Jiji, na Januari 1945 akaapishwa kuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi mjini Washington. Wakati ule wabunge weusi walikuwa wawili tu katika Bunge zima la Marekani, yeye na William Dawson wa Chicago. Chumba cha kulia cha wabunge na kinyozi wa Bunge vilikuwa kwa desturi ni vya weupe. Powell hakuandika barua ya kulalamika. Aliingia, akaketi, akaagiza chakula, kisha akawataka na makarani wake weusi waje kula humo humo.

Huyo ndiye mtu wetu. Sasa tufungue daftari la kura zake.

Silaha yake kubwa ilikuwa aya moja fupi. Kila ulipoletwa mswada wa kutoa fedha za serikali kuu, Powell alisimama na kupendekeza nyongeza: fedha hizi zisiende mahali popote panapowabagua watu kwa rangi. Alianza mwaka 1946 katika mswada wa chakula cha mchana kwa wanafunzi, akaendelea mwaka hadi mwaka mpaka wabunge wakauita mtindo huo "Nyongeza ya Powell". Wazo lake lilikuwa jepesi kueleweka hata na muuza karanga: mtu mweusi analipa kodi kama mwenzake, kwa nini kodi yake ijenge shule ambayo mtoto wake atafukuzwa mlangoni?

Lakini ngoja tuitazame kura ya mwaka 1956, maana inafundisha jinsi ya kusoma kura za wabunge wa nchi yoyote. Ulikuwapo mswada wa serikali kuu kuzisaidia shule, na shule zilikuwa na shida kweli, watoto wamebanana madarasani. Powell akaleta nyongeza yake, ikapita kwa kura 225 dhidi ya 192. Ushindi! Kisha ukapigiwa kura mswada wenyewe pamoja na nyongeza hiyo. Ukaanguka, kura 194 za kuunga mkono na 224 za kukataa. Kulikoni? Wabunge wa kusini, waliokuwa tayari kuchukua fedha za shule, hawakuweza kuzimeza pamoja na sharti la kuchanganya watoto weupe na weusi. Na upande wa pili walikuwapo makumi ya wabunge wa chama cha Republican ambao hawakutaka serikali kuu itoe fedha hizo hata kidogo. Hao waliipigia kura ya ndiyo nyongeza ya Powell, wakijua itautia mswada sumu, kisha wakaupigia mswada wenyewe kura ya hapana.

Basi mtu akichukua karatasi ya kura ya kwanza peke yake, atawahesabu waungwana wale kuwa watetezi wa haki za mtu mweusi. Akichukua ya pili peke yake, atawaona wabana matumizi tu. Inabidi azishike zote mbili kwa pamoja ndipo aone mchezo uliochezwa. Na Powell mwenyewe tumweke wapi? Marafiki zake wengi wa siku zile walimlaumu kwamba ameua msaada wa shule kwa ajili ya kujitafutia sifa. Yeye alishikilia kwamba msaada unaojenga ubaguzi si msaada. Mimi naelemea upande wake, kwa sababu ya jambo lililofuata: mwaka 1964 ilipopitishwa Sheria ya Haki za Raia, sehemu yake ya sita ilikataza ubaguzi katika shughuli yoyote inayolipiwa na fedha za serikali kuu. Ile aya fupi, iliyokuwa ikichekwa kwa miaka kumi na minane, ikawa sheria ya nchi.

Mwaka 1961 zamu ya ukongwe ilimfikisha kwenye uenyekiti wa Kamati ya Elimu na Kazi. Mtangulizi wake, Graham Barden wa North Carolina, alikuwa bingwa wa kuilaza miswada usingizi. Powell akaiamsha. Chini ya uenyekiti wake ilipita miswada ya kupandisha kima cha chini cha mshahara, kwanza mwaka 1961 na tena mwaka 1966. Ya mafunzo ya kazi mwaka 1962. Ya mshahara sawa kwa wanawake na wanaume mwaka 1963. Ya vita dhidi ya umaskini mwaka 1964. Na mwaka 1965 ile sheria ya elimu ya msingi na sekondari iliyofungua mlango wa fedha za serikali kuu kwa shule za watoto maskini. Rais Lyndon Johnson, ambaye hakuwa mtu wa kugawa sifa bure, alimwandikia barua ya kumpongeza. Si Harlem tu iliyofaidika. Mzungu maskini wa milima ya Kentucky naye alikula matunda ya kamati iliyoongozwa na mchungaji mweusi wa New York, apende asipende.

Wale wa "anafanya kazi" hapa watapiga makofi. Wasubiri kidogo. Daftari la kura lina ukurasa mwingine ambao watetezi hupenda kuufunga, nao ni ukurasa wa kura ambazo mbunge hakuzipiga. Powell alikuwa mtoro mkubwa. Majina yalipoitwa, mara nyingi hakuwapo. Alikuwa ughaibuni, au alikuwa kwenye kisiwa cha Bimini huko Bahama akivua samaki na kunywa na marafiki. Hata miswada ya umaskini aliyoipigania iliwahi kukwama mikononi mwake, kwa sababu mwenyekiti hayupo au mwenyekiti amenuna. Septemba 1966 wajumbe wa kamati yake mwenyewe, wengi wao wa chama chake, walichoka wakampunguzia madaraka.

Tuje kwenye tuhuma. Na hapa naomba tuwe waangalifu, maana neno tuhuma kwetu limekuwa kapu la sokoni, kila kitu hutupwa humo: kilichothibitishwa, kilichosemwa, na kilichoota tu mdomoni mwa watu. Za Powell hazikuwa za aina moja.

Kwanza kodi. Mwaka 1958 alishitakiwa kwa kukwepa kodi ya mapato. Kesi ikasikilizwa mwaka 1960, baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana, na mwaka uliofuata serikali ikaiacha. Kwa hiyo mbele ya sheria hilo halikuthibitishwa, na mtu mwadilifu hana ruhusa ya kulihesabu kana kwamba lilithibitishwa.

Pili ni jambo la mjane. Mwaka 1960, katika televisheni, Powell alimtaja mwanamke mmoja wa Harlem kuwa ndiye anayewakusanyia polisi hongo. Mama yule akaenda mahakamani kudai heshima yake, na mwaka 1963 akashinda. Akaamriwa alipwe dola 211,500, ambazo baadaye zilipunguzwa sana katika rufaa. Powell hakulipa. Aliitwa mahakamani hakwenda. Ikafika mahali hati za kumkamata zikawa zinamsubiri New York, naye akawa anaingia jimboni mwake siku ya Jumapili tu, kwa kuwa hati za madai hazikutekelezwa Jumapili. Anahubiri asubuhi, jioni ameondoka. Mwishowe ikawa ni kosa la jinai la kuidharau mahakama, na hapo hata Jumapili haikumfaa. Hebu fikiria mbunge anayeogopa kukanyaga jimbo lake! Huyo si wa kutuhumiwa tena. Limeamuliwa na mahakama, na aliyeumizwa hakuwa tajiri wala Mzungu. Alikuwa mpiga kura wake.

Tatu ni fedha za umma zenyewe. Mkewe alikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi wa ofisi yake kwa mshahara wa dola 20,578 kwa mwaka huku akiishi Puerto Rico na kazi isionekane. Tiketi za ndege zilinunuliwa kwa majina ya wafanyakazi, wakasafiri wengine. Hakuna mahakama iliyomtia hatiani kwa hayo, lakini kamati ya Bunge ilichunguza vitabu na kuona kwamba fedha zimetumika isivyo halali. Jibu la Powell tangu zamani lilikuwa kwamba yeye hafanyi ila yale wanayofanya wabunge wenzake. Ni jibu la kuchekesha, na lililo baya zaidi ni kwamba lilikuwa na ukweli ndani yake.

Mwaka 1967 ndio mwaka wa hukumu. Tarehe 9 Januari chama chake, Democratic, kilimvua uenyekiti. Kesho yake Bunge likamzuia kuapishwa mpaka uchunguzi ufanyike. Kamati ya uchunguzi iliongozwa na Emanuel Celler wa Brooklyn, mkongwe aliyezijua sheria. Kamati ikapendekeza Powell aapishwe, kisha akemewe hadharani, atozwe faini ya dola 40,000 na apokonywe ukongwe. Adhabu kali, lakini kiti cha Harlem kingebaki na mtu. Wabunge wakaikataa. Machi 1 walibadili azimio kwa kura 248 dhidi ya 176, kisha wakalipitisha kwa kura 307 dhidi ya 116: Powell asipokewe kabisa, kiti kitangazwe kuwa wazi.

Mwaka huo huo, katika jengo hilo hilo upande wa pili, Baraza la Seneti lilikuwa na mtuhumiwa wake. Thomas Dodd wa Connecticut, mweupe, alionekana amezigeuza kuwa zake zaidi ya dola 116,000 za michango ya kampeni na ya karamu za kumuenzi. Juni 23 Seneti ilimkemea kwa kura 92 dhidi ya 5. Akakemewa, akarudi kitini pake, akaendelea kupiga kura mpaka alipomaliza kipindi chake. Ni kweli fedha za Dodd zilikuwa za wachangiaji, za Powell zilikuwa za hazina. Na ni kweli Dodd hakuwa ameidharau mahakama. Tofauti hizo nazihesabu. Lakini hata nikizihesabu zote, siwezi kuijaza nafasi iliyopo kati ya kukemewa na kufungiwa mlango. Na wabunge wale wa kusini waliokuwa wameitemea mate Nyongeza ya Powell kwa miaka, siku ile walisimama kwa wingi kutetea uadilifu.

Hapa ndipo nionapo jambo ambalo wabishani wa kijiweni hawalioni. Wao huweka kura upande mmoja wa mizani na tuhuma upande wa pili, kama vile mchele na jiwe, kisha wanatazama upi umeshuka. Mambo haya mawili hayakai hivyo. Uwezo wa Powell wa kuwasaidia maskini ulikuwa ndani ya uenyekiti na ukongwe wake. Vitu hivyo havikuwa mali yake. Harlem ilikuwa imeviweka akiba kwa kumchagua tena na tena kwa zaidi ya miaka ishirini. Alipomlipa mkewe mshahara wa bure, hazina ilipoteza dola 20,578 kwa mwaka. Harlem ilipoteza uenyekiti wa kamati ya elimu na kazi, wakati ambapo vita ya umaskini ilikuwa bado changa na inahitaji mlezi. Yeye ndiye aliyewasokotea maadui zake kamba, na shingo iliyofungwa haikuwa yake peke yake. Kwa hiyo anayesema "anakula, lakini anafanya kazi" afahamu kwamba anachokula mara nyingine ni ile kazi yenyewe.

Na anayesema "mwizi ni mwizi" naye ana la kujibu. Tarehe 11 Aprili 1967 ulifanyika uchaguzi wa kukijaza kiti. Powell hakufanya kampeni, hakuwepo hata jijini. Harlem ikampa asilimia 86 ya kura. Yeye hakwenda kukidai kiti, akachagua kwenda mahakamani, na watu wa Harlem wakakaa miaka miwili, Januari 1967 hadi Januari 1969, bila mtu wa kuwapigia kura hata moja. Ikiwa nia ilikuwa kumwadhibu mla fedha, mbona waliokosa sauti ni waliokuwa wameliwa fedha?

Alichaguliwa tena Novemba 1968, na Januari 1969 Bunge likampokea kwa faini ya dola 25,000, bila ukongwe, kama mbunge mpya wa jana. Juni 16 mwaka huo Mahakama ya Juu, kwa kura saba dhidi ya moja, ikaamua kwamba Bunge halikuwa na haki ya kumfungia mlango. Katiba imetaja sifa tatu tu za mbunge: umri wa miaka 25, uraia wa miaka saba, na kuwa mkaazi wa jimbo la nchi lililomchagua. Mwenye sifa hizo, akichaguliwa, aapishwe. Bunge likitaka kumfukuza akishaingia, na lifanye hivyo kwa theluthi mbili na kwa utaratibu wake. Mahakama haikusema Powell ni msafi. Ilisema tu kwamba mizani hiyo ni ya wapiga kura.

Lakini wapiga kura watapimaje wasichokiona? Swali hilo linatuhusu sisi huku kuliko Wamarekani. Daftari la Powell twaweza kulisoma leo kwa sababu kura za Washington zilipigwa kwa kuita majina na zikaandikwa. Katika Bunge letu la Tanzania mambo mengi huamuliwa kwa sauti: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, na Hansard ikaandika kwamba hoja iliamuliwa na kuafikiwa. Ukiacha mambo machache kama bajeti kuu, mpiga kura wa Temeke au wa Kigoma hawezi kujua mbunge wake alisema ndiyo, alisema siyo, au alikuwa kantini anakunywa chai. Kwa hiyo tunaposema fulani "anafanya kazi", mara nyingi tunamaanisha alileta bati za zahanati na jezi za timu ya kata. Upande wa tuhuma umejaa, upande wa kura ni mtupu, kisha tunashangaa mizani haikai sawa.

Turudi Harlem tumalizie. Juni 1970, katika kura za maoni za chama, alijitokeza mbunge wa jimbo la New York aitwaye Charles Rangel. Rangel hakuzunguka mitaani akisimulia habari za mke wa Puerto Rico. Wazee wa Harlem walikwisha kumsamehe Powell hayo zamani. Alisema jambo moja, kwamba Powell hayupo. Akashinda kwa kura zipatazo 150. Watu waliovumilia kesi ya kodi, hati za Jumapili na tiketi za Bimini walishindwa kuvumilia kiti kitupu. Powell alifariki Miami Aprili 1972. Leo barabara kuu ya Harlem inaitwa kwa jina lake.

Rangel alikaa bungeni miaka 46. Akapanda mpaka uenyekiti wa kamati ya kodi, moja ya kamati zenye nguvu kuliko zote, na alikuwa miongoni mwa wabunge waliosukuma ile sheria ya mwaka 2000 iliyoruhusu nguo na bidhaa nyingine za Afrika, za kwetu zikiwamo, kuingia Marekani bila ushuru. Mwaka 2010 zamu yake ikafika. Nyumba ya mapumziko katika Jamhuri ya Dominika, mapato yake hayakulipiwa kodi. Barua zenye nembo ya Bunge zikatumika kuombea michango. Machi akaachia uenyekiti. Desemba akasimamishwa mbele ya wenzake, akasomewa karipio lililopitishwa kwa kura 333 dhidi ya 79.

Katikati ya miezi hiyo, mwezi Septemba, zilifanyika kura za maoni, na Harlem ikatakiwa tena kupima kura za mzee na tuhuma zake. Aliyekuja kumpinga akiwaambia watu kwamba wakati umefika wa kubadilisha alikuwa mjumbe wa Bunge la jimbo aitwaye Adam Clayton Powell wa Nne, mtoto wa Powell yule yule. Rangel alipata zaidi ya nusu ya kura zote.